Majabali ya Masasi: miteremko ilirudi nyuma au ardhi ilioza?

Ukitoka Ndanda kuelekea Masasi, kusini mwa Tanzania, majabali yanachomoza ghafla katikati ya mikorosho. Wengi wetu, kwa kuizoea habari ya Kilimanjaro, hudhani ni volkano zilizozimika. Sivyo. Ni naisi, mwamba uliopikwa na kukandamizwa chini sana ardhini kati ya miaka milioni 650 na 550 iliyopita, mabara yalipogongana na kuinua safu kubwa ya milima. Safu ile imelika yote. Tunayoyaona ni mizizi yake. Mjerumani Wilhelm Bornhardt, aliyezunguka kusini huku miaka ya 1890, aliyafananisha na visiwa katika kitabu chake cha 1900, na wanajiolojia wengine wakamfuata.

Kwa hiyo majabali hayakupanda. Tambarare ndiyo iliyoshuka. Kwa njia gani? Hapo ndipo penye ubishi.

Mwanajiolojia Lester King wa Afrika Kusini alishikilia kwamba mito ilichimba mabonde, kisha miteremko ikalika ikirudi nyuma bila kupoteza ukali, mpaka nyanda za juu zikabaki vipande. Hoja hii inaeleza vizuri kwa nini jabali na tambarare hukutana ghafla vile.

Wapinzani wake wanaanzia chini ya ardhi. Maji hupenya nyufa na kuozesha mwamba. Penye nyufa nyingi panageuka udongo, penye nyufa chache linabaki jiwe zima, na mmomonyoko unakuja baadaye kulifunua. Katika nchi kadhaa, machimbo ya mawe yamekuta majabali ya mviringo yakiwa bado yamefukiwa. King alikuwa na jibu zito: kwa kawaida uozo hufika makumi ya mita tu, ilhali majabali mengi yanapita kimo hicho. Lakini hakuna kinacholazimisha kazi yote ifanyike mara moja. Ardhi ikioza, ikaondolewa, ikaoza tena, jabali huzidi kurefuka kwa kila awamu.

Naegemea upande huu wa pili, tena kwa sababu ya maji. Mvua inayoteremka kwenye mwamba mtupu hukusanyika chini yake, na kuozesha zaidi palepale. Ndiyo maana mteremko haupotezi ukali. Katika miamba ya aina hii maji ya visima hukaa kwenye tabaka lililooza na kwenye nyufa. Basi wapimaji wa visima Masasi na Nachingwea waanzie miguuni mwa majabali, na tusiyavunje majabali yenyewe kuwa kokoto, maana migongo yake ndiyo inayopeleka mvua hadi kisimani.