Nyayo za Laetoli Zibaki Chini ya Udongo

Kila mjadala wa utalii wa Ngorongoro unapopamba moto, hakosi mtu wa kuuliza kwa nini nyayo za kale za Laetoli, katika eneo hilo la kaskazini mwa Tanzania, zimefukiwa ilhali wageni wangezilipia kuziona. Hoja ya mapato si ya kubezwa. Hata hivyo, naamini kuzifukua kwa ajili ya maonyesho kungeleta hasara isiyofidiwa na kiingilio chochote.

Kilichohifadhiwa pale ni tabaka la majivu ya volkano yaliyodondoka miaka ipatayo milioni 3.66 iliyopita, yakaloweshwa na mvua, yakakanyagwa na zamadamu, yaani viumbe wa kale wa jamii ya binadamu, waliotembea kwa miguu miwili, kisha yakagandamana mfano wa saruji kabla ya kufunikwa na majivu mengine. Mifupa huweza kubebwa hadi makumbusho. Wayo hauondoki mahali ulipokanyagwa, na ukishaachwa wazi huanza kumomonyoka.

Tena tuna ushahidi wa karibu. Baada ya timu ya mwanaakiolojia Mary Leakey kuifukua njia ya nyayo hizo yenye urefu wa mita zipatazo 27 mwaka 1978 na 1979, waliifunika kwa mchanga wa mtoni, kumbe mchanga ule ulikuwa na mbegu za migunga. Miti ikaota, mizizi ikapenya hadi kwenye baadhi ya nyayo. Katikati ya miaka ya 1990 iliwabidi wataalamu wa mambo ya kale wa Tanzania na wenzao wa Taasisi ya Getty ya Marekani kufukua upya, kuondoa mizizi, na kufukia tena kwa mchanga uliochekechwa, vitambaa vya kuzuia mizizi na mawe ya volkano juu yake. Ikiwa kifuniko chenyewe kilihitaji uangalizi wa namna hiyo, sembuse jengo la maonyesho litakalopokea watu kila siku?

Jambo linalonishawishi zaidi lilitokea baadaye. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walipochimba mashimo ya kutathmini athari za makumbusho yaliyopendekezwa kujengwa hapo, walikuta nyayo nyingine, mita zipatazo 150 kutoka zile za kwanza, na taarifa yake ikachapishwa mwaka 2016. Nani ajuaye msingi wa jengo ungeangukia wapi? Makumbusho ya Oldupai, umbali wa kilometa 45 hivi, tayari yana nakala ya nyayo hizo. Fedha za ujenzi zipelekwe huko, pamoja na malipo ya kudumu kwa walinzi wa Laetoli kutoka vijiji jirani.