Atunge nyimbo mpya, ile albamu aiache
Hii tabia ya wakongwe wa roki kurudi studio kurekodi upya albamu zilizokwisha kukamilika inanikera sana. Mwaka 2023 Roger Waters, aliyekuwa mpiga besi wa bendi ya roki ya Uingereza Pink Floyd, akiwa na miaka 80, alitoa toleo lake la The Dark Side of the Moon, albamu ya bendi hiyo ya mwaka 1973. Solo za gitaa za mwenzake David Gilmour kaziondoa zote. Ile sauti ya mwimbaji Clare Torry katika wimbo The Great Gig in the Sky, inayopanda bila neno hata moja mpaka mwili unasisimka, nayo kaitoa, akaweka maneno ya kuzungumza! Mashairi ya albamu ni ya Waters, sikatai. Lakini Richard Wright, mpiga kinanda wa bendi aliyetunga muziki wa The Great Gig in the Sky, alifariki 2008. Nani atamtetea? Kama Waters ana jipya la kusema, atunge nyimbo mpya.