GPA ya 3.8 na swali la nani anafaa kufundisha mipango miji

Kila tangazo la nafasi za uhadhiri likitoka Ajira Portal, tovuti ya ajira za serikali, watu wa mipango miji hapa Dar tunagawanyika. Tangazo linataka shahada ya kwanza yenye GPA (wastani wa alama, juu kabisa ni 5) isiyopungua 3.8, masta isiyopungua 4.0, na ukikosa hapo hata usaili huitwi. Kundi moja linasema hivyo ndo chuo kinavyolinda ubora. Kundi la pili, wengi wao maafisa mipango miji wa halmashauri na vijana wa kampuni za upangaji na upimaji, wanasema kwa kigezo hicho chuo kinawafungia nje watu wanaoujua mji kwa miguu yao. Hawa wa pili wanajibiwa harakaharaka kwamba darasani mlishindwa sasa mnataka kubebwa, na mjadala unafia hapo. Kwa maoni yangu hawajasikilizwa, maana wanachosema hakihusu huruma kabisa, kinahusu nini kinafundishwa na nani anakijua.

Upande wa GPA una ukweli wake na sitaki kuupita juujuu. Namba inamlinda mtoto wa mtu asiyejulikana. Ajira za kujuana tunazijua, ukiondoa 3.8 ukaweka "uzoefu" bila kusema unapimwaje, mwenye ndugu mkubwa ofisini ndo atakuwa na uzoefu kuliko wote. Alafu mhadhiri sio wa kufundisha tu, anatakiwa atafiti, aandike, apande cheo kwa machapisho, na wa kumsimamia mwanafunzi wa PhD lazima naye awe na PhD, hapo sina ubishi. Na njia hiyohiyo ya darasani ndo imetujengea fani. Mpango kabambe (master plan) wa Dar wa 1949 ulichorwa na kampuni ya Uingereza, wa 1968 na wa 1979 kampuni za Kanada, na ilikuwa hadi 1972 ndo mafunzo ya mipango miji yakaanza pale Observation Hill, kwenye chuo ambacho leo ni Chuo Kikuu Ardhi. Wale waliosoma wakapelekwa Dortmund na Stockholm wakarudi kufundisha wenzao, wametufikisha mbali, na walipita kwenye mchujo wa alama.

Sasa tuje kwenye mji wenyewe.

Sensa ya 2012 ilihesabu watu 4,364,541 Dar es Salaam, ya 2022 ikahesabu 5,383,728. Ukisoma hizo namba mbili peke yake unaona mji umeongeza watu kama milioni moja kwa miaka kumi, na ukilinganisha na kasi ya sensa mbili zilizotangulia unaweza kusema Dar imeanza kupoa. Wapo wanaosema hivyo. Lakini geuka uangalie Pwani. Mkoa wa Pwani 2012 ulikuwa na watu kama milioni 1.1, 2022 umevuka milioni 2, yaani karibu mara mbili, na haiwezekani hao wote wamezaliwa huko ndani ya miaka kumi. Wengi ni watu wa Dar waliovuka mpaka kutafuta kiwanja, wamejenga Vikindu, Kibaha, Mapinga, Kisarawe, asubuhi wanarudi Kariakoo na Posta kutafuta riziki. Mji haujapoa hata kidogo, umemwagikia nje ya mstari wa mkoa, na ule mstari ndo unaoamua halmashauri ipi inapanga nini. Barabara inayochorwa upande huu wa mpaka inafika pale inakutana na nyumba ya mtu, kwa sababu upande wa pili kuna mamlaka nyingine, bajeti nyingine, afisa mwingine ambaye mchoro wa mwenzake hajawahi kuuona.

Nani anayajua haya kwa undani? Afisa wa Mkuranga anayajua, yule anayeona shamba la mikorosho linakatwa vipande vya ishirini kwa ishirini wikiendi moja, dalali yupo, mwenyekiti wa kijiji yupo, muhuri upo, na yeye anapewa taarifa watu wakishamwaga msingi. Anajua bei inapandaje kabla lami haijafika, anajua kwa nini watu hawaji ofisini kuulizia mchoro. Hayo yote ni data, tena ndo data ambayo mtafiti akija na dodoso lake la wiki mbili hawezi kuipata. Lakini kama huyo afisa alitoka chuo na 3.5, hawezi kuwa hata mkufunzi msaidizi (TA), leo wala akiwa na miaka hamsini.

Na hapa ndo kinachoniuma. GPA ni picha ya mtu akiwa na miaka ishirini na mbili au ishirini na tatu. Inawezekana somo la takwimu mwaka wa kwanza lilimshusha, inawezekana alikuwa anakaa Chamazi anagombania daladala alfajiri, inawezekana kweli hakuwa anasoma. Sawa. Ila akipita miaka kumi na tano kazini, akasajiliwa na Bodi ya Wataalamu wa Mipangomiji, akaandaa michoro iliyoidhinishwa, akasoma na masta, ile namba bado inakaa mbele ya kila kitu alichofanya. Wakati huohuo kijana wa 3.9 anatoka kwenye kiti cha mwanafunzi anaingia ofisi ya TA, anaenda masta, anaenda PhD, anarudi kusimamia studio ya urasimishaji, yaani kupanga na kupima makazi yaliyojengwa bila mpango, na hajawahi kuongoza mkutano wa mtaa hata mmoja. Simlaumu, hakuna aliyemwambia akae nje kwanza.

Niwape mfano wa studio maana ndo roho ya fani hii. Mwanafunzi anapewa mtaa ambao haujapangwa, Dar ipo mingi kweli, anachora barabara, anatenga maeneo ya wazi, anapata alama. Kwenye karatasi njia ya mita sita inapita vizuri. Ukienda Kimara au Manzese hiyo mita sita inapita kwenye choo cha mtu, ngazi ya mtu na kibanda cha mama anayeuza maandazi, na urasimishaji kwa kawaida hauna fidia, majirani wanatakiwa waachie wenyewe kwa kukubaliana. Kuchora unaweza kumaliza ndani ya wiki, kukubaliana kunachukua miezi: nani anaanza kusogeza ukuta, waliochangia hela ya upimaji wafanyweje na ambao hawajachangia, kampuni ikisimamisha kazi katikati mwenyekiti wa mtaa awaambie nini watu wake. Kwenye kozi hayo yote yanabanwa kwenye maneno mawili, ushirikishwaji wa wananchi, ikisha slaidi inayofuata. Aliyewahi kukaa kwenye vile viti vya plastiki hadi saa mbili usiku anaweza kulifundisha hilo muhula mzima.

Watasema utafiti utashuka. Mimi naona ungepanda. Ramani Huria, mradi wa kuchora ramani za Dar pamoja na wakazi, ilipoanza 2015, wanafunzi wa Ardhi na wa UDSM walitembea na wakazi kwenye kata zinazofurika, wakaweka kwenye ramani mifereji, nyumba na njia ambazo hazikuwepo kwenye ramani yoyote rasmi, na mkazi ndo alikuwa anaonyesha maji yanafika wapi. Ile ni kazi ya kitaalamu kabisa. Depo ya mabasi ya mwendokasi tulienda kuiweka Jangwani, bonde ambalo kila mtu wa Magomeni anajua linajaa maji, na ikafurika mara kwa mara. Ripoti hazikukosekana, sauti ya wanaolijua bonde ndo haikuwa na uzito.

Na Muhimbili mbona tunalikubali hili bila ubishi? Daktari anayefundisha ndo huyohuyo anayezunguka wodini, mwanafunzi anajifunza kwenye kitanda cha mgonjwa, na hakuna anayeona ubora wa udaktari umeshuka.

Kwa hiyo siombi 3.8 ifutwe kwa anayeingia kama TA moja kwa moja kutoka chuo, ibaki. Naomba uwepo mlango wa pili wenye vipimo vyake vigumu: usajili wa Bodi, masta, miaka isiyopungua kumi kazini, michoro na ripoti zake ziletwe zikaguliwe na watu wa nje ya chuo, alafu asimamie studio siku moja mbele ya jopo na wanafunzi. Hapo shangazi wa mtu hasaidii. Huyo asimamie studio na mafunzo ya vitendo, PhD wasimamie wenye PhD, na wakiandika pamoja jina la afisa liwekwe kwenye pepa, sio kushukuriwa tu mwishoni.

Kwenye hela ndo kugumu zaidi kuliko GPA. Afisa mwandamizi mwenye familia hawezi kushuka akalipwa kama anaanza kazi, na ualimu wa muda unaolipwa kwa saa haumfanyi mtu ajenge kozi. Njia inayowezekana ni kuazimwa, halmashauri imwachie miaka miwili kwa mshahara wake uleule, chuo kiongeze posho ya kufundisha, alafu arudi kazini na wanafunzi wake wawe wanakuja kwake fildi. Hilo TAMISEMI na Wizara ya Elimu wanaweza kukaa wakakubaliana, na halmashauri za kuanzia ni zile zilizo mpakani, Mkuranga, Kisarawe, Kibaha na Bagamoyo, kwa sababu huko viwanja vinakatwa hata wikiendi hii.