Chama cha wenye mashine za kahawa: lini ni msaada, lini ni genge

Ukifungua mlango wa mashine ya kuuzia soda au kahawa, iwe Chicago au Milano, mara nyingi utakuta waya mmoja unaounganisha kifaa cha kupokea sarafu, kisomaji cha noti na kisomaji cha kadi. Huenda kila kimoja kimetoka kwa mtengenezaji wake, na watengenezaji hao wanagombea wateja walewale. Hata hivyo vinaelewana. Mashine inakiuliza kila kifaa kwa zamu kama kuna jipya, nacho kinajibu kwamba mteja ametumbukiza senti 25. Itifaki hiyo, yaani kanuni za jinsi vifaa vinavyozungumza, inaitwa MDB. Mlezi wake ni NAMA, chama cha biashara ya mashine hizi Marekani, kilichoanzishwa mwaka 1936.

Nimeanzia kwenye waya kwa sababu hapo ndipo vyama hivi vinapostahili sifa bila ubishi. Kila kampuni ingebaki na mfumo wake, mwenye mashine kumi angekuwa mateka wa aliyemuuzia: kifaa cha sarafu kikifa, arudi kwake tu, kwa bei atakayotajiwa. Hakuna kampuni ambayo peke yake ingemfungulia mshindani mlango. Chama kiliwakalisha pamoja, na waraka wa MDB unapakuliwa bure na yeyote, mwanachama au si mwanachama. Fundi wa Nairobi anayetaka kuunganisha malipo ya simu na mashine iliyotengenezwa Italia anaanzia kwenye kurasa hizohizo.

Kwenye ushawishi wa serikalini mambo si mepesi hivyo. Sheria ya Marekani ya mwaka 2010 iliwataka wenye mashine 20 au zaidi wamwonyeshe mteja kalori kabla hajalipa. Utekelezaji ulipangwa kuanza Desemba 2016, kisha mashine zenye kioo mbele, ambazo mteja huona pakiti zenyewe, zikaongezewa muda, kama sekta ilivyoomba, hadi Julai 2018. Mtetezi wa afya ataona hapo mgonjwa wa kisukari aliyecheleweshewa taarifa. Mwenye mashine 25, anayezijaza mwenyewe kwa gari dogo tangu alfajiri, ataona chama kilichomsemea mahali ambapo yeye asingefika. Mimi naona wote wana hoja. Kinachonitatiza ni kwamba katika vyama vya aina hii huyu mwenye mashine 25 anakaa pamoja na watengenezaji wa mashine na wasambazaji wa vitafunio, wenye mifuko mirefu kuliko wake, na tamko likitoka linatoka kwa jina la wote.

Isitoshe, ushawishi huweza kumgeukia anayeufanya. Sarafu ya dola moja iliyotolewa Marekani mwaka 1979 ilikusudiwa iwe na pembe 11. Sekta ya mashine ikalalamika kwamba kuzirekebisha mashine kutagharimu mno, na sarafu ikafanywa ya mviringo. Matokeo yake watu waliichanganya na ile ya senti 25, wakaikataa, na wenye mashine wakaikosa sarafu ya thamani kubwa ambayo ingewafaa kuliko mtu yeyote.

Mbaya zaidi ni Italia, nchi ambako kahawa ya mashine ni jambo la kila siku. Mwaka 2016 mamlaka ya ushindani ya huko, AGCM, ilizitoza kampuni kubwa za sekta hiyo pamoja na chama chao, CONFIDA, faini iliyozidi yuro milioni 100 kwa jumla. Kosa lilikuwa kuelewana wasishindane, kila mmoja asimguse mteja wa mwenzake, badala ya kugombea wateja kwa bei. Kampuni zikaenda mahakamani kupinga. Anayeumia katika mpango wa namna hiyo ni muuguzi wa zamu ya usiku mwenye mashine moja tu kwenye korido: hana duka la pili la kukimbilia.

Msomaji wa Moshi anaweza kuuliza: mbona wakulima wa kahawa walipoungana kwenye KNCU, chama chao cha ushirika cha Kilimanjaro, mwaka 1933 ili wauze kwa pamoja tunawasifu, na hawa wakiungana tunawaita genge? Swali ni la haki, na jibu halitoki kwenye huruma kwa wanyonge peke yake. Mkulima wa Kilimanjaro alikuwa mmoja kati ya maelfu mbele ya wanunuzi wachache, na ushirika uliuza kwa jina lake, hadharani. Kwenye korido ya hospitali mizani imegeuka: muuzaji ndiye mchache, na makubaliano yake hayatangazwi popote. Kwa hiyo mimi hukipima chama kwa jambo moja: walichokubaliana mezani kinaweza kuchapishwa na kusomwa na mteja? Waraka wa MDB unaweza. Mpango wa nani asimguse mteja wa nani hauwezi.

Kipimo hicho hakimalizi kila kitu, maana hoja ya kuomba muda wa kalori nayo ilitolewa waziwazi na bado inabishaniwa. Lakini kinamsaidia mwenye biashara ndogo kujua alipie ada kwa ajili ya nini: viwango, mafunzo ya usafi wa mashine, mtu wa kumsomea sheria mpya. Vyama vingi siku hizi hukaa na mwanasheria mkutanoni, ili mtu akianza kuzungumzia bei azimwe palepale. Ni utaratibu mzuri, ila mwanasheria haalikwi kwenye chakula cha jioni baada ya kikao.