Faili Limejaa Harusi, Ndoa Haionekani

Fungua faili la kawaida la mke anayeomba viza ya kumfuata mumewe Uingereza. Utakuta picha 60 za harusi: bibi harusi na piko zake, bwana harusi na joho, keki, ukumbi, mashangazi ndani ya sare. Cheti cha ndoa kipo, kadi ya mwaliko ipo, na ukurasa mmoja wa WhatsApp wenye maua na mioyo. Basi. Ndoa yenyewe, yaani miaka miwili ya simu za usiku, hela ya kodi ya nyumba, kununiana na kupatana, mama mkwe kulazwa na nani alilipa dawa, haimo. Wanandoa wa kweli wananyimwa viza kwa faili la namna hii, na inauma, kwa sababu ushahidi waliokuwa nao kwenye simu zao ungetosha na kubaki.

Huu si uzembe. Kwetu ndoa hushuhudiwa na watu. Walii alikuwepo, mashahidi wawili walikuwepo, mahari yametajwa, mtaa mzima umekula pilau. Nani tena aulize kama hawa ni mke na mume? Lakini afisa wa viza hakula pilau hilo. Kanuni anayoifuata, Appendix FM, yaani sehemu ya kanuni za uhamiaji za Uingereza inayohusu familia, inamtaka aridhike kwamba mmewahi kukutana ana kwa ana, kwamba ndoa ni halali pale ilipofungwa, kwamba uhusiano wenu ni wa kweli na unaendelea, na kwamba mnakusudia kuishi pamoja Uingereza kwa kudumu. Neno la kulishika hapo ni "unaendelea". Mara nyingi hata usaili hakuna. Alama za vidole unatoa Dar es Salaam au Nairobi, lakini uamuzi unafanyika Uingereza, kwa mtu ambaye hatakuona wala kukusikia, akisoma ulichopakia mwenyewe mtandaoni.

Tuanze na tarehe, maana hapo ndipo watu wengi wanajikwaa bila kujua. Mwombaji anaandika ameolewa Agosti, mdhamini, yaani mume aliye Uingereza, anaandika Desemba ya mwaka uliotangulia, na wote wawili wanasema kweli. Akdi ilifungwa Desemba msikitini, sherehe ikafanyika Agosti mume alipopata likizo. Kwa afisa hizo ni kauli mbili zinazopingana kuhusu siku kubwa kuliko zote. Tarehe ya ndoa ni ile iliyo kwenye cheti. Siku nyingine zote, uchumba, kutolewa mahari, akdi, walima, ziandikwe kwa mpangilio ndani ya barua, kila moja na jina lake na maelezo ya sentensi moja: kwetu akdi ndiyo ndoa, sherehe inaweza kuja baadaye. Ikiwa mume alikuwa London na akdi ikafungwa Mombasa kwa kuwakilishwa na wakili wake, sema hivyo waziwazi, na uonyeshe kwamba mlikutana uso kwa uso, kwa mihuri ya pasipoti na tiketi. Ndoa ya wakala inaweza kutambuliwa Uingereza kama ni halali pale ilipofungwa, lakini sharti la kukutana ana kwa ana linabaki palepale.

Halafu chunguzeni fomu za zamani. Kama uliwahi kuomba viza ya matembezi ukajaza kwamba hujaoa, wakati mahari ya kimila ulikuwa umeshatoa, fomu hiyo bado ipo kwenye kumbukumbu zao. Eleza tofauti kabla hujaulizwa.

Cheti nacho kina mambo yake. Tanzania Bara, cheti cha kupeleka ni kile kinachotokana na usajili wa serikali chini ya RITA. Karatasi ya msikiti au ya kanisa peke yake inaacha maswali. Kenya, Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inazitambua ndoa za Kiislamu na za kimila, lakini inataka zisajiliwe, na aliyemaliza ruracio, yaani mahari ya Kikuyu, akakaa bila kusajili hana cheti cha kumwonyesha mtu. Kama mmoja wenu aliwahi kuoa au kuolewa, ushahidi wa ndoa ile kuisha ni lazima. Hapa watu wa Bara wanaumia: talaka iliyoandikwa na shehe haitoshi peke yake, kwa sababu Sheria ya Ndoa ya 1971 inataka ndoa ivunjwe na mahakama. Fuatilieni hukumu ya mahakama mapema. Inaweza kuchukua miezi. Na ndoa ya mitala msiipeleke bila mwanasheria wa uhamiaji. Kwa mwanamume mwenye maskani ya kisheria Uingereza, ndoa ya mke wa pili huku wa kwanza akiwepo haitambuliwi na sheria ya kule, hata ikifungwa Unguja kwa taratibu zote.

Majina. Pasipoti inasema Khamis, cheti kinasema Hamisi, benki inasema H. Juma. Sisi tunaona mtu mmoja, kompyuta inaona watu watatu. Kinachoweza kusahihishwa kisahihishwe, na kisichowezekana kiandikiwe kiapo mbele ya wakili kinachotaja kila namna jina lilivyoandikwa na kwenye hati ipi.

Sasa tuje kwenye ndoa yenyewe, na hapa ndipo tunapotaka mtumie muda wenu mwingi.

Pesa zinasema kuliko picha. Si kiasi, ni mtiririko. Mume anayetuma pauni 40 kila wiki mbili kwa miezi 20 ana ushahidi mzito kuliko aliyetuma pauni 2,000 mara moja, mwezi mmoja kabla ya maombi. Chukueni taarifa ya kampuni ya kutuma fedha kutoka upande wa Uingereza, na taarifa ya simu au benki kutoka upande wa kupokea, kisha muziweke bega kwa bega: ikitoka tarehe 3, ionekane imeingia tarehe 3 au 4. Tatizo linalojirudia ni laini. Mke anapokea kwenye laini iliyosajiliwa kwa jina la kaka yake au mama yake, kwa hiyo kwenye karatasi inaonekana mume anamhudumia mwanamume mwingine asiyejulikana. Kama imeshatokea, kaka aandike barua fupi, aambatanishe kitambulisho, na tangu leo pesa ziingie kwenye laini ya mke mwenyewe. Msipokee kwa mkono kwa mtu anayesafiri. Mzigo unafika, ushahidi haufiki.

Pale programu inapouliza sababu ya kutuma, wengi wanabonyeza chochote. Andikeni sababu halisi. Mstari mmoja unaosomeka "dawa za bibi" au "ada muhula wa pili", ukifuatiwa na ujumbe wa siku hiyohiyo wa mke akisema bibi ameanza kula, unamweleza afisa kitu ambacho picha kumi za keki haziwezi.

Kuhusu WhatsApp, kuna makosa mawili, na yote yanatokana na kutaka kusaidika. La kwanza ni kupakia mazungumzo yote, kurasa 1,500 za "umekula?" na "nimekula". Hakuna atakayezisoma, na hati isiyo ya Kiingereza wala Kiwelshi isiyo na tafsiri haina uzito. Sasa hesabu gharama ya kutafsiri kurasa 1,500. La pili ni kuchagua jumbe za mapenzi tu. Mapenzi yanaigizwa, shughuli za nyumbani ni ngumu kuziigiza. Chagueni ukurasa mmoja au miwili kwa kila mwezi tangu mlipofahamiana, zaidi kidogo kwenye miezi yenye jambo: msiba, mimba, kupoteza kazi, kugombana kuhusu mahali pa kuishi. Ugomvi msiufiche. Wanandoa wasiogombana hata siku moja kwa miaka mitatu wanatia shaka zaidi. Picha ya skrini ionyeshe tarehe, jina na namba ya aliye upande wa pili, na namba hiyo iwe ileile iliyo kwenye fomu. Ongezeni orodha ya simu zilizopigwa, yenye dakika. Orodha haihitaji tafsiri ndefu, na inaonyesha saa 4 za usiku baada ya saa 4 za usiku.

Zimeni leo ile sehemu ya ujumbe unaojifuta. Hifadhini nakala ya mazungumzo nje ya simu, kwa sababu simu ikiibiwa Kariakoo au River Road, miaka miwili ya ndoa inakwenda nayo.

Tafsiri iwe na jina kamili la mtafsiri, sifa zake za kitaaluma, mawasiliano, sahihi, tarehe na tamko kwamba tafsiri ni sahihi. Tanzania, BAKITA, yaani Baraza la Kiswahili la Taifa, wanafanya kazi hii. Msijitafsirie wenyewe, hata kama Kiingereza chenu ni kizuri kuliko cha mtafsiri.

Picha 20 zinatosha. Za harusi ziwe tano. Zilizobaki ziwe za safari mbalimbali, miaka mbalimbali, na hasa za mkiwa na watu: mume jikoni kwa wakwe, mke na wifi zake, Idi, mazishi, hospitali. Chini ya kila picha andika tarehe, mahali na nani ni nani. Katika familia zisizopenda picha, au pale ambapo mume na mke hawashikani mbele ya wakubwa, sema hivyo kwa sentensi moja na uache picha zilivyo. Msijipange mkao usio wenu ili kumpendeza afisa.

Kuna ushahidi mwingine mtulivu ambao watu wanausahau: mke kuandikwa mtegemezi wa mume kwenye bima ya afya, au kuandikwa mnufaika wa mafao ya pensheni ya kazini kule Uingereza, jina la mume kama mtu wa kupigiwa simu kwenye kadi ya kliniki, cheti cha kuzaliwa cha mtoto. Hizi ni karatasi ambazo mtu hujaza bila kufikiria viza, na uzito wake unatoka hapo.

Barua za ndugu ziwe mbili au tatu, si kumi. Mama anayeandika "nilimpokea mkwe wangu uwanja wa ndege, akakaa kwetu wiki tatu, akanisaidia kuezeka banda" ameshuhudia jambo. Anayeandika "wanapendana sana na ninawatakia heri" hajashuhudia kitu. Na hapa tunasema kwa ukali: wapo madalali wanaouza barua iliyokwisha andikwa, unabadilisha majina tu. Barua tatu zenye sentensi zilezile ndani ya faili moja zinaweza kuiangusha ndoa ya kweli. Mama aandike Kiswahili chake, kitafsiriwe.

Uhalisi wa ndoa hauponyi makosa ya fedha. Kwa wanaoanza njia hii, tangu 11 Aprili 2024 mdhamini anatakiwa awe na kipato cha pauni 29,000 kwa mwaka, na aliye kwa mwajiri mmoja kwa miezi sita au zaidi anapeleka hati za mshahara za miezi sita, taarifa za benki za miezi hiyohiyo na barua ya mwajiri. Kiasi halisi kilicholipwa kwenye kila hati ya mshahara kionekane kikiingia benki, shilingi kwa shilingi. Hati moja ikikosekana, mwezi huo umepotea. Ada ya maombi ilikuwa pauni 1,938 kwa viwango vya Aprili 2025, na ya huduma ya afya pauni 3,105 kwa viza ya miezi 33, kwa hiyo kuomba upya si jambo la mzaha. Cheti cha kifua kikuu kinadumu miezi sita. Kipimwe mwishoni, si mwanzoni. Mkinyimwa, aliye nje ya Uingereza ana siku 28 tangu apokee uamuzi kukata rufaa. Msizitumie siku hizo kulaumiana.

Panga faili kwa mafungu machache, na mbele yake weka ukurasa mmoja unaotaja kilichomo kwa namba. Barua ya mdhamini na ya mwombaji zirejee namba hizo: "tulikutana tena Februari, tazama tiketi namba 14 na picha namba 9." Afisa asitafute kitu.

Viza ikitoka, msiyafunge masanduku ya karatasi. Miezi 33 ikikaribia kwisha mtaombwa muonyeshe kwamba mmeishi pamoja kweli, na kinachotegemewa ni barua zilizofika kwenye anwani yenu kutoka vyanzo tofauti, zilizotawanyika ndani ya miaka miwili. Mke aliyefika Leicester mwezi Machi, ambaye jina lake halimo kwenye bili ya umeme, kodi ya halmashauri (council tax), daktari wala benki mpaka Machi ya mwaka wa pili, ameshapoteza mwaka. Wiki ya kwanza, kabla hata ya kufungua begi la vikolombwezo vya mama, mwandikisheni kwa daktari na muongeze jina lake kwenye kodi ya halmashauri.