Mwezi Umepatwa, Mbona Uko Vilevile?

Mara kwa mara gazeti huandika kwa herufi kubwa kwamba mwezi utapatwa usiku wa leo. Watu wanatoka nje na watoto, wanakodoa macho, wanauona mwezi mpevu uleule waliouzoea, wanarudi ndani wakiwalaani wataalamu wa falaki. Mwaka 2020 peke yake mwezi ulipatwa mara nne, 10 Januari, 5 Juni, 5 Julai na 30 Novemba, na mara zote nne ulipita kwenye kivuli hafifu tu. Mimi kupatwa kwa aina hii nakupenda sana, ndiyo maana nakerwa na jinsi kunavyotangazwa.

Dunia ina kivuli kizito katikati, mahali ambapo jua limezibwa lote. Mwezi ukiingia humo ndipo unapogeuka mwekundu na mtaa mzima ukaona. Kukizunguka hicho kuna kivuli hafifu. Ungekuwa umesimama mwezini ndani ya kivuli hafifu, ungeona Dunia imelimega jua kipande, na jua lililobaki bado linatosha kuangaza kila kitu. Kwa hiyo hata nusu ya mwezi ikishaingia, sisi huku chini hatuoni kitu. Mpaka iingie kama theluthi mbili hivi ndipo jicho linaanza kushuku kwamba ukingo mmoja umefifia.

Ile ya 10 Januari niliitazama nikiwa Tromsø, mji wa kisiwani kaskazini mwa Norwei. Huko jua halichomozi tangu mwishoni mwa Novemba hadi katikati ya Januari, na jamaa wa nyumbani hutuonea huruma. Hawajui habari ya mwezi. Mwezi mpevu hukaa upande uliokabiliana na jua, basi majira ya baridi, jua linapojificha chini ya upeo, mwezi mpevu hupanda juu na kwa siku kadhaa hauzami kabisa, hata saa sita mchana. Ukiweza kuvumilia baridi, sijui mahali panapofaa zaidi kwa kazi hii.

Kilele kilikuwa saa mbili na dakika kumi usiku. Mwezi ulikuwa kusini-mashariki, umeshaipita milima ya bara kwa mbali, na karibu sehemu tisa kati ya kumi za upana wake zilikuwa ndani ya kivuli. Ukingo wa chini ulikuwa wa kijivu kidogo. Basi, hicho tu. Niliyekuwa naye alisema ni wingu.

Dar es Salaam ilikuwa saa nne na dakika kumi usiku. Nikampigia dada yangu: "Dada, tazama juu, upande wa kulia." Kwao mwezi ulikuwa umeelekea kaskazini, kwa hiyo ukingo uliokuwa chini kwangu, kwake ulikuwa juu. Akanijibu, "Mdogo wangu, mwezi nauona. Hicho kingine sikioni." Sikumlaumu.

Kuna ushahidi lakini, ila simu huuficha. Kamera ikiachiwa ijipangie mwanga yenyewe, itang'arisha kile kilichofifia. Ifungie mwanga uleule, piga picha kabla kivuli hakijaingia, piga nyingine kwenye kilele, uziweke pamoja. Tofauti utaiona bila kubishana na mtu.

Kwa Waislamu jambo hili lina uzito zaidi, maana kuna swala ya kupatwa, na hadithi ya Mtume inasema mkiona jua au mwezi umepatwa, salini. Wanazuoni wengi wameifungamanisha na kuona. Sasa gazeti likitangaza "mwezi unapatwa" bila kutaja ni wa aina gani, imamu ataulizwa maswali ambayo mwandishi angeyamaliza kwa sentensi moja: mabadiliko yatakuwa madogo, na wengi hawatayagundua.

Usiku wa kuamkia 21 Februari 2027 kuna nafasi nyingine nzuri, inayoonekana Ulaya na Afrika. Kwa saa za Afrika Mashariki kilele ni saa nane na kama dakika kumi na mbili usiku, na mwezi utaingia kivulini zaidi hata ya ule wa Tromsø. Kwa hiyo naamsha watu. Ama ile ya 18 Julai mwaka huohuo, ambapo mwezi utakigusa tu kivuli hafifu na kupita, hata mkiona imetangazwa kwa herufi kubwa namna gani, nyinyi laleni.