Mawese si mise, na CBD si THC

Februari hii, mchana wa mvua, shangazi mmoja wa Gungu aliingia dukani kwangu Mwanga, Kigoma, akasimama pembeni kungoja wateja waishe. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba ya harakaharaka, akafungua fundo la kitenge na kunikabidhi kichupa cha kahawia chenye kifuniko cha kudondoshea. Mpwa wake aliyeko Uingereza ndiye aliyekituma, kwa ajili ya mjukuu wa miaka minane mwenye kifafa.

"Mwanangu, niambie ukweli. Hii ni bangi au si bangi?"

Nina duka la dawa muhimu, na nimeshaulizwa mengi: dawa ya kuongeza damu, dawa ya kumtuliza mume, hata kama majani ya bangi yanaponya mdondo wa kuku. Lakini swali la shangazi lilinikalisha nusu saa, naye akakasirika kwa sababu alitaka neno moja tu. Sikuwa nalo. Swali lenyewe limekaa vibaya, na kwenye makundi ya WhatsApp naona tunaligombania hivyo hivyo. Huku wapo wanaosema mche wa bangi ni dawa ya kila kitu, kule wapo wanaosema ni ushetani mtupu. Wote wanaongelea mmea, wakati yule mtoto anapewa kitu kimoja tu kilichotolewa ndani ya mmea, yaani CBD.

Nilianzia kwenye michikichi, maana hakuna mtu wa Kigoma asiyeijua. Chikichi ni moja. Ukikamua nyama yake unapata mawese, mekundu, ya kupikia. Ukivunja kokwa unapata mise, na mafuta yake ni meupe, yana kazi yake nyingine. Hakuna mama sokoni atakayekubali umuuzie moja kwa jina la jingine, ingawa mti ni ule ule. Mfano huu una kasoro yake, kwa sababu viambato vya bangi havikai sehemu tofauti za tunda. Vingi viko pamoja kwenye vinyweleo vyenye utomvu, hasa vya maua ya mmea jike. Viambato vya jamii hiyo vinazidi 100. Viwili ndivyo vinavyosumbua watu: THC na CBD.

Ajabu ni jinsi vinavyofanana. Vyote viwili vina kaboni 21, haidrojeni 30 na oksijeni 2. Hesabu moja, uzito mmoja. Kilichotofautiana ni ufumaji: kwenye THC kuna pete ya atomi imefungwa, kwenye CBD pete hiyo iko wazi. Fundo moja tu. Roger Adams na wenzake kule Illinois, Marekani, waliitenga CBD mwaka 1940, lakini umbo lake kamili halikujulikana hadi 1963, kazi ya Raphael Mechoulam na mwenzake nchini Israeli. Mwaka uliofuata Mechoulam na Yechiel Gaoni wakaitenga THC.

Fundo hilo moja ndilo linaloamua nani atapata stimu. Kwenye ubongo kuna vipokezi, yaani milango ya kupokea ujumbe, vinavyoitwa CB1, navyo ni vingi mno. Mwili wenyewe hutengeneza kemikali za kuvigusa. Ya kwanza kugunduliwa, mwaka 1992, iliitwa anandamidi, kutoka neno la Kisanskriti la furaha. THC huingia kwenye vipokezi hivyo na kuviamsha, ndipo mtu anapocheka bila sababu, anapopoteza hesabu ya muda, anaposikia njaa, na wengine wanapoingiwa na hofu ya kuandamwa. CBD haiviamshi. Ikipita hapo inaweza hata kupunguza nguvu ya THC, na kazi zake nyingi huzifanya kwenye milango mingine ya mwili. Ndiyo maana mtu hawezi kulewa CBD. Kamati ya wataalamu ya Shirika la Afya Duniani ilitoa tathmini mwaka 2018 ikasema CBD haioneshi dalili za kuzoesha wala kutumiwa vibaya.

Vingine nitavitaja kwa kupita. CBG, katika umbo lake la asidi, ndiyo mama ambaye mmea huwazaa THC na CBD kutoka kwake. CBN ni THC iliyozeeka kwa hewa na mwanga, ndiyo sababu bangi iliyokaa sana hupungua makali. Halafu kuna delta-8, ambayo huko Marekani viwandani huipata kwa kuichemsha CBD na asidi mpaka ile pete ifunge. Hiyo inalewesha. Kwa hiyo anayekuambia "imetokana na CBD, haina shida" bado hajakueleza kitu.

Mbegu nayo ina neno lake. Pale Kihinga, kwenye kituo cha utafiti wa michikichi, watakuonesha dura yenye kokwa nene na tenera yenye kokwa jembamba na nyama nyingi, na mkulima anajua kwamba aina ndiyo inayoamua atakamua madebe mangapi. Bangi ni hivyo hivyo. Kuna bangi ya nyuzi, ambayo sheria ya Marekani ya 2018 ilitaka isizidi asilimia 0.3 ya THC, na kuna hii ambayo vijana wanaiita skanka, iliyokuzwa kwa ajili ya THC tu. Anayedhani kwamba kwa kuvuta msuba wa kijiweni anapata "ile CBD ya kifafa" anajidanganya. Anachopata kwa wingi ni THC.

Lakini sipendi pia ule wimbo wa "THC mbaya, CBD nzuri". THC ya kutengenezwa maabara iliruhusiwa Marekani mwaka 1985 kwa wagonjwa wa saratani wanaotapika kwa sababu ya dawa zao. Na CBD si maji ya kunywa. Inasababisha usingizi, kuharisha, kukosa hamu ya kula, na inaweza kupandisha vimeng'enya vya ini, hasa kwa anayetumia valproeti, dawa ya kifafa. Hapo nikamuuliza shangazi mtoto anameza dawa gani. Valproeti.

Tukaenda kwenye hesabu, na hapa ndipo aliponyamaza. CBD iliyothibitishwa kwa kifafa ni dawa ya maji inayoitwa Epidiolex, iliyoidhinishwa Marekani Juni 2018 kwa aina mbili za kifafa kigumu cha utotoni, Dravet na Lennox-Gastaut, na mwaka 2020 ikaongezwa aina ya tatu. Si kifafa chote. Dozi ya kawaida baada ya kuanza ni miligramu 10 kwa kila kilo ya mwili kwa siku. Mjukuu ana kilo 20, kwa hiyo miligramu 200 kila siku. Kichupa cha shangazi kiliandikwa miligramu 300, chupa nzima. Siku moja na nusu kimekwisha! Mpwa alikuwa ameelekeza matone matatu asubuhi na matatu jioni.

"Sasa matone matatu yanafanya nini?" akauliza.

Nikamwambia yanamfanya mpwa wako alale vizuri.

Hapo nimeichukulia lebo kwamba inasema kweli. Mwaka 2017 jarida la tiba la Marekani, JAMA, lilichapisha utafiti wa bidhaa 84 za CBD zilizonunuliwa mtandaoni. Zilizokuwa na kiasi kilichoandikwa zilikuwa 26 tu. Nyingine zilikuwa na pungufu, nyingine zaidi, na 18 zilikutwa na THC. Wengine wanauza mafuta ya mbegu za bangi ya nyuzi kwa picha ya jani kubwa la kijani, ilhali kwenye mbegu CBD karibu haimo. Ni mafuta ya kula, kama ya alizeti. Sisi tunaojua mawese yaliyochanganywa kwa ulimi tu, tukiona lebo ya Kizungu tunaacha kuonja.

Hapa kwetu kuna pia askari. Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ya 2015 inakataza kulima bangi, kuwa nayo, kuiuza na kuitumia. Mwezi Desemba 2020 Umoja wa Mataifa uliitoa bangi kwenye kundi la dawa kali kabisa, kwa kura 27 dhidi ya 25, na watu wakashangilia mitandaoni kama vile wamefunguliwa gereza. Kura ile haikufuta sheria ya nchi yoyote, na pendekezo la kuziachia bidhaa za CBD zenye THC kidogo sana lilikataliwa siku hiyo hiyo. Askari akikukuta na kichupa Mwandiga hataanza kwa kupima asilimia.

Mimi ningependa wakubwa watenganishe dawa na mmea: dawa iliyopimwa ipatikane kwa daktari bingwa, kwa mtoto ambaye dawa nyingine zimeshindwa, na kijiwe kibaki na marufuku yake. Sioni mgongano wowote hapo. Mofini inatokana na afyuni, na wagonjwa wa saratani wanapewa hospitalini bila mtu kusema tunahalalisha afyuni. Ila tusidanganyane kuhusu bei. Epidiolex ilipoingia sokoni Marekani ilitajwa kuwa kama dola 32,500 kwa mwaka kwa mgonjwa mmoja. Huku kwetu kuna nyumba mtoto anaanguka kwa kukosa fenobabitoni, dawa ya kifafa ambayo ni ya bei ya chini kuliko karibu zote, na imekuwapo tangu 1912.

Nikamuuliza shangazi swali ambalo ningeanza nalo: valproeti mnampa kila siku? Akatazama mvua. Ikiisha wanasubiri mpaka dagaa wauzwe. Mara nyingine siku nne, mara nyingine wiki. Na tangu kichupa kifike walikuwa wameanza kumpa nusu, ili "zisigongane".

Nilimpa daftari la shule, la kurasa 48, aandike kila siku mtoto aliyoanguka na kila siku aliyokosa dawa, kisha alipeleke kliniki. Dawa ya mwezi nikamkopesha.

Amerudi juzi. Machi mtoto alianguka mara saba, Aprili mara mbili, na zote mbili zimefuata siku alizokosa dawa; mwandiko ni wa mjukuu mkubwa, wa darasa la sita. Kichupa, anasema, hampi tena, amekifungia sandukuni pamoja na vitenge vyake. Alipokuwa anatoka akageuka mlangoni kuniuliza kama mafuta yale nayo huchacha kama mise.

Nikamwambia huchacha.